Sauti Nyuma ya Pazia

Mwezi huu tunawaletea jambo lililoanza kama ubishi wa mabinti sebuleni, likaishia kutuchoma moyo sisi wenyewe.

Jumamosi moja mabinti wa kwaya walikuja nyumbani kutazama filamu ya zamani iitwayo My Fair Lady, ya mwaka 1964. Ni hadithi ya Eliza, msichana maskini wa London auzaye maua, ambaye profesa mmoja anamfundisha kusema kama bibi wa heshima. Filamu ilipokwisha tukawaambia kwamba sauti waliyoisikia katika sehemu kubwa ya nyimbo za Eliza haikuwa ya yule dada waliyemwona. Basi, hapo ndipo ubishi ulipowaka! Wengine walisema huo ni udanganyifu mtupu. Wengine wakasema, "Lakini mama, watu huenda sinema kumwona mtu wanayemjua. Wangefanyaje?"

Hebu tukieleze kisa chenyewe. Kabla ya kuwa filamu, My Fair Lady ulikuwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, ulioanza New York mwaka 1956. Aliyecheza Eliza ni Julie Andrews, binti wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 20 tu. Aliimba usiku baada ya usiku, New York na baadaye London, na watu wa thieta wakampenda mno. Lakini Jack Warner, mkuu wa kampuni ya Warner Bros., alipoamua kuutengenezea filamu, nafasi ya Eliza alimpa Audrey Hepburn, nyota aliyejulikana dunia nzima. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Julie hakuwa amecheza filamu hata moja, na haki za mchezo huo peke yake zilikuwa zimegharimu dola milioni 5.5.

Audrey alijitahidi. Alijifunza kuimba, akarekodi nyimbo zake. Hata hivyo wakubwa wa filamu waliona sauti yake haifiki pale nyimbo zilipotaka. Wakamwita mwimbaji Marni Nixon, naye akaimba sehemu kubwa ya nyimbo zile huku Audrey akionekana usoni. Haikuwa mara yake ya kwanza. Alikwisha kumwimbia Deborah Kerr katika The King and I, mwaka 1956, na Natalie Wood katika West Side Story, mwaka 1961. Katika filamu zote tatu jina lake halikuandikwa miongoni mwa waliofanya kazi. Ajabu ni kwamba hadithi ya Eliza yenyewe inahusu jinsi mtu anavyopimwa kwa sauti yake!

Tusimhukumu Jack Warner haraka, akina mama. Hata mama auzaye matunda sokoni huyapanga juu yale yanayovuta macho. Mtu aliyetia mali yake yote katika biashara ana haki ya kutafuta wateja. Wala jina kubwa si dhambi. Mwaka 2012 filamu ya Les Misérables ilijaa nyota, lakini waliimba wenyewe mbele ya kamera, na Anne Hathaway akapata tuzo ya Oscar. Humo humo alikuwemo Samantha Barks, aliyekuwa amecheza nafasi ile ile jukwaani London. Katika The Color Purple ya mwaka 2023, Fantasia Barrino na Danielle Brooks walizicheza nafasi walizokwisha kuzibeba jukwaani New York. Na aliyedhani jina peke yake linatosha, aitazame Cats ya mwaka 2019: nyota walijazana humo, na bado ilitia hasara.

Kwa hiyo tuliwaambia mabinti kwamba swali si kama mtu ana jina au hana. Swali la kwanza ni hili: je, kazi anaiweza? Na la pili: kama mwingine ndiye atakayeifanya, je, jina lake litatajwa?

Tulipofika hapo, binti mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema kwa upole, "Mama, kama sisi Krismasi ile."

Sebule nzima ilinyamaza. Akina mama, hatukuwa na la kujibu.

Ni kweli. Miaka miwili iliyopita, sisi tuliokuwa katika kamati ya igizo la Krismasi tulimwalika mwimbaji wa nyimbo za injili anayejulikana sana mjini kwetu, acheze nafasi ya Mariamu. Tulitaka kanisa lijae, maana tulikuwa tunachangisha fedha za paa. Nafasi hiyo alikuwa ameifanyia mazoezi binti mmoja wa kwaya tangu mwezi wa tisa. Mgeni wetu alifika siku mbili kabla, nyimbo hazijui. Basi tukamwomba yule binti asimame nyuma ya pazia aimbe, na mgeni achezeshe midomo. Alikubali. Tulimfundisha wenyewe kutii, akatii.

Kanisa lilijaa. Fedha za paa zilipatikana. Mgeni alivishwa kanga mbili na kupigiwa vigelegele, na binti yetu akabaki akikunja mapazia. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaja jina lake. Baada ya wiki mbili aliacha kuja kwaya. Tulisema mioyoni mwetu, "Ni mambo ya ujana, atarudi."

Sisi wauguzi tulipaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Mara ngapi tumekesha na mama mwenye uchungu tangu jioni, tukamshika mkono, tukampokea mtoto alfajiri, kisha shukrani zote zikaenda kwa daktari aliyepita asubuhi kutia sahihi? Tunaijua ladha yake. Hata hivyo tulimnywesha mtoto wa mwenzetu kikombe kile kile.

Katika kisa cha My Fair Lady wapo waliotenda vingine. Cary Grant aliombwa achukue nafasi ya profesa, ambayo Rex Harrison alikuwa ameicheza jukwaani. Alikataa, kwa kuwa aliona ni ya mwenziwe. Rex aliicheza, akapata tuzo ya Oscar. Na Walt Disney alipomwona Julie Andrews jukwaani, alimtaka kwa filamu yake Mary Poppins. Julie alimwambia kwamba ni mjamzito. Disney akamjibu kwamba watasubiri, na kweli walisubiri hadi alipojifungua. Mwaka 1965 Julie alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu hiyo, yake ya kwanza kabisa. My Fair Lady ilipata tuzo 8 usiku huo, lakini Audrey hakuwamo hata katika orodha ya waliopendekezwa.

Lakini tusijifariji kwamba mambo hujirekebisha yenyewe. Si kila binti hupata Disney wa kumsubiri.

Juma lililofuata tulikwenda kwa mama yake yule binti. Tulikaribishwa chai. Tulimwomba radhi yeye, kisha tukamwomba radhi binti mwenyewe, bila kutaja paa wala fedha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Nimewasamehe, shikamoo mama." Jumapili yake jina lake lilisomwa mbele ya kanisa, na kazi aliyoifanya ikaelezwa. Hadi tunapoandika haya hajarudi kwaya, wala hatumlazimishi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tulimtunza mgeni, tukamsahau wa kwetu. Mpendwa mama, huenda mwezi huu ni wewe utakayepanga waimbaji wa harusi, au utakayesoma majina ya kushukuriwa kwenye mahafali. Kabla hujaanza kusoma, inuka kwanza, ufungue pazia, utazame nani amesimama nyuma yake.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.