Jicho Lisilipokonye Sikio

Aghalabu, anayeanza kujifunza gitaa la roki huanza na "Smoke on the Water", wimbo wa kundi la Uingereza la Deep Purple uliorekodiwa Montreux, Uswisi, mnamo Desemba 1971. Fungu lake la mwanzo ni fupi, nalo hurudiwarudiwa. Ndiyo maana walimu wa masomo ya video hulipenda. Wengi humwonyesha mwanafunzi alipige kwa uzi mmoja tu. Kabla ya saa kwisha, huyo amejiona kahitimu.

La hasha! Ritchie Blackmore, mpigaji wa asili, aliling'ata fungu hilo kwa vidole vitupu, nyuzi mbili kwa mpigo mmoja, hivi kwamba noti zote mbili zililia papo hapo. Kibanzi cha kupigia kikitumiwa, uzi mmoja hutangulia mwenzake, japo kwa kufumba na kufumbua, na ladha hubadilika. Tofauti hiyo ni ya kusikika zaidi kuliko kuonekana.

Si kwamba video haina faida. Mahali pa kuweka kidole, ambapo vijana wa miaka ya sabini walipatafuta kwa kurudisha sindano ya santuri mara kadha wa kadha, sasa huonyeshwa waziwazi, tena polepole. Hata hivyo, usumbufu ule wa sindano ndio uliokuwa ukilinoa sikio. Anayeiga vidole vya mwalimu pekee huyaiga na makosa yake, wala hana kipimo cha kuyatambua. Basi rekodi yenyewe na isikizwe kwanza, video ikiwa imezimwa, hadi mwanafunzi aweze kulighani fungu hilo kwa mdomo. Ndipo amfungulie mwalimu.