Kovu la mbanguaji wa korosho ni gharama isiyoandikwa

KILA msimu wa korosho unapokaribia, mjadala huwa mmoja: bei ya kilo. Wakulima, vyama vya ushirika na wanunuzi huvutana kuhusu shilingi ngapi ziende kwa nani. Ipo gharama moja ambayo haimo katika hesabu hizo, nayo ni ngozi ya mtu anayebangua.

Mzenga, wilayani Kisarawe, ni miongoni mwa maeneo ya Mkoa wa Pwani ambako mkorosho ni mti wa nyumbani. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania huuzwa nje zikiwa ghafi, lakini zipo zinazobanguliwa kienyeji: huchomwa kwenye karai au kipande cha pipa juu ya kuni, kisha hugongwa moja moja. Wengi wa wanaofanya kazi hiyo ni akina mama.

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na yakishika moto huruka. Kidonda cha moto kikichukua zaidi ya wiki tatu kupona, uwezekano wa kuacha kovu lililovimba huongezeka sana. Makovu mengine hubaki ndani ya mpaka wa kidonda na hunywea taratibu. Mengine, yaitwayo keloidi, huvuka mpaka huo, huwasha, huuma na huendelea kukua. Watu weusi huyapata zaidi. Kovu gumu likikaa kwenye kiungo cha kidole, kidole hakikunjuki, na mbanguaji asiyeweza kukunja vidole hana kazi.

Hapo ndipo inapotajwa tiba ya leza, ambayo wengi huidhani kuwa ya kufuta kovu mara moja. Ukweli ni tofauti. Aina moja ya leza hulenga mishipa midogo ya damu inayolisha kovu, ili kupunguza wekundu na muwasho. Nyingine hutoboa vijitundu vidogo sana ili kovu gumu la moto lilainike. Zote huhitaji kurudiwa mara kadhaa. Ngozi nyeusi nayo hunyonya mwanga huo kabla haujafika unakotakiwa, hivyo mashine ikiwa mikononi mwa asiye na ujuzi inaweza kuacha mabaka au jeraha jipya.

Kwa keloidi, madaktari kwa kawaida huanza na sindano za dawa ya steroidi ndani ya kovu, na leza huongezwa kusaidia. Keloidi ikikatwa kwa kisu pekee, mara nyingi hurudi, pengine ikiwa kubwa zaidi.

Kiuchumi, somo ni rahisi. Mama wa Mzenga anayefuata leza Dar es Salaam hulipa tiba, nauli na siku za kazi, tena mara kadhaa. Fedha hiyo ingezaa zaidi kama ingetumika mapema: glavu, au majivu na mafuta ya kula ya kupaka mikononi, sabuni na maji tele karibu na jiko, na aliyeungua kumwagiwa maji safi ya baridi kwa dakika 20 badala ya kupakwa dawa ya meno.

Wapo watakaosema glavu hupunguza kasi. Ni kweli, na anayelipwa kwa kilo huziona hasara. Ndiyo maana gharama hiyo haipaswi kuachwa kwake peke yake. Mnunuzi anayefaidi korosho nyeupe isiyovunjika achangie glavu na vyombo vya kuchemshia kwa mvuke, njia inayopunguza moto wa wazi. Vikundi navyo vifikirie kukusanya mafuta ya ganda, kwani viwanda vya breki na rangi huyatumia. Kinachowababua leo kinaweza kuwa bidhaa.

Upande wa afya, msingi upo. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza Moshi mwaka 1992, pale KCMC, kimekuwa kikifundisha matabibu kwa ajili ya maeneo yasiyo na madaktari bingwa. Halmashauri za wilaya zinazolima korosho zihakikishe matabibu wa aina hiyo na sindano hizo vinapatikana karibu na wabanguaji, kovu likiwa bado changa.

Leza ina nafasi yake, hasa kwa makovu magumu yaliyokwisha kufunga viungo. Lakini taifa linalotaka kubangua korosho zake lenyewe halina budi kuanza kwa kulinda mikono itakayozibangua.