Mvua Si Mfagizi

Wako wazee wanung'unikao wawaonapo wana wao skulini wameshika majembe: "Hatukuwapeleka kuchimba mitaro!" Na taka zilizojaa uwanjani? Jawabu lao: "Mvua itazichukua."

Itazichukua, lakini itazipeleka wapi? Tuutazame mji wa Karatu, chini ya milima ya Ngorongoro. Maji yatelemkayo milimani huko huishia Ziwa Eyasi na Ziwa Manyara, na maziwa hayo hayana mto wa kuyatoa maji nje. Udongo na uchafu uingiao humo, humo ndimo ukaapo. Nasi wa pwani twausukuma wetu baharini, kisha twavua samaki mumo humo!

Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akahesabu kuondoa chenye kuudhi njiani kuwa ni katika imani. Basi wanafunzi wazoao taka kabla ya masika, wakachimba mitaro ya kukingama mteremko ili maji yazame ardhini, na wakapanda majani ya kuushika udongo, hawaadhibiwi. Wanafundishwa haki ya jirani aliye bondeni. Amzuiaye mwanawe na kazi hiyo, atamjibu nini jirani huyo mbele ya Mola?