MAISHA NI MAMOJA, VIFUNGO NI SITA

Usiku wa tarehe 29 Januari 2017, katika mji wa Quebec nchini Kanada, kijana mmoja aliwashambulia kwa bunduki watu waliokwenda msikitini kusali. Waislamu sita wakauawa.

Alikiri makosa, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kila roho. Ni vifungo sita, lakini kwa sharia ya huko vyaenda pamoja, wala havifuatani. Hata hivyo, sharia ya mwaka 2011 ilimruhusu jaji kujumlisha, kwa kila mauaji, ile miaka 25 ambayo mfungwa hana ruhusa ya kuomba kufunguliwa. Mwendesha mashtaka akataka 150; jaji akatoa 40. Tarehe 27 Mei 2022 Mahakama ya Juu ya Kanada, majaji wote kwa kauli moja, ikaibatilisha sharia ile. Ikabaki miaka 25.

Hatufichi: tulipoipata khabari hii tulighadhibika. Tukauliza, je, damu ya wale watano wengine imekwenda bure? Kisha tukafikiri.

Sisi wenye maduka twajua. Mdaiwa mwenye madeni sita huandikiwa mistari sita katika daftari, wala hatufuti hata mmoja. Lakini mfuko wake ni mmoja, na ukishakwisha haujazwi kwa kuandika tarakimu kubwa zaidi. Kadhalika hukumu hii. Makosa sita yameandikwa sita, kila marehemu na lake. Vifungo vyaenda pamoja si kwa kuwa vifo sita vimekuwa kimoja, bali kwa kuwa muuaji ana umri mmoja. Miaka 150 haitumikiwi na mwanadamu, na mahakama iamuruyo lisilowezekana hujivunjia heshima yenyewe.

Wala asidhani mtu kuwa mlango umefunguliwa. Baada ya miaka 25 mfungwa ataruhusiwa kubisha hodi tu. Ufunguo wabaki mikononi mwa wengine. Na hata akitoka, kifungo cha maisha ki juu yake mpaka kufa.

Twasema haya kwa sababu sisi ni watu wa upinzani. Dola ikizoeshwa kuadhibu pasi na kipimo yule tumchukiaye, haitakosa siku ya kumgeukia tumpendaye. Basi na tukitetee kipimo hata pale moyo unapouma, na tuwaombee marehemu wale rehema, na wafiwa wao subira.