Nyimbo 412 Kwa Simu Yangu, na Hakuna Hata Moja Ilicheza

Wasee, wacha nianze na aibu yangu ndio msione najifanya mjuaji.

Mwaka jana tulienda ushago Vihiga kumzika babu. Usiku wa kuamkia mazishi boma lilikuwa limejaa: viti vya kukodi, chai kwa sufuria kubwa, na spika moja tuliyoazima kanisani. Anko wangu, kaka yake mathe, akanigeukia mbele ya watu wote.

“Wewe si ndiwe kijana wa mitandao? Hebu tuwekee Daudi Kabaka. Mzee hawezi kwenda bila Kabaka.”

Nikaona hiyo ni kazi ndogo. Nilikuwa na nyimbo 412 nimepakua kwa apu moja ya kulipia kila mwezi, na Kabaka alikuwa ndani. Nilimweka hapo kwa sababu ya babu mwenyewe. Nikaunganisha bluetooth, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Orodha yote ilikuwa imegeuka kijivu, na juu kuna ujumbe wa heshima sana: malipo yako yameisha, lipia ndio uendelee.

M-Pesa nilikuwa na bob 30. Mtandao pale bomani unakuja na kwenda kama stima. Watu wananiangalia, mimi naguza-guza skrini kama mtu anafanya kitu.

Anko akatoa kabambe yake mfukoni, ile ya vitufe na tochi. Ndani kulikuwa na memori kadi ya GB 4 ambayo nadhani ina miaka kumi. Akaiweka karibu na maikrofoni, na Kabaka akaanza kuimba. Wamama wakainuka, wazee wakatingisha vichwa. Hakunicheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Aliniuliza tu polepole, “Kijana, hizo zako ulinunua ama ulikopa?”

Hilo swali limenikaa mpaka leo, na ndilo nataka nikuulize wewe.

Mtu akikuuliza apu gani ya muziki ni poa, kawaida tunajibu kwa rangi. Ile ina muonekano safi, ile ina besi, ile inaonyesha maneno ya wimbo. Hizo ni za baadaye. Kwanza uliza: ikifika siku sina data, sina dooh, na niko mbali na mji, hii kitu itacheza?

Kuna aina mbili za apu na tunazichanganya. Moja ni za kustrimu, kama Spotify, Boomplay ama YouTube Music. Nyingine ni vichezeo vya kawaida, vinavyocheza faili zilizo kwa simu yako: VLC, Musicolet, Poweramp na wenzao. Ya kwanza inakukodishia muziki. Ya pili inacheza mali yako.

Kama umewahi kukodi keja hapa Nairobi, unajua vile inaenda rent ikichelewa. Landilodi anakuja na kufuli yake, anaweka juu ya mlango, na nguo zako, godoro lako na sufuria zako ziko ndani. Nyimbo zangu zilifungiwa hivyo. Zilikuwa kwa simu yangu, zinakula nafasi yangu, na nilikuwa nimezipakua kwa bando langu, lakini ufunguo ulikuwa kwa mtu mwingine. “Kupakua” kwa apu za kustrimu kuko hivyo. Faili inakuja ikiwa imefichwa kwa njia ambayo ni hiyo apu pekee inaweza kuifungua. Kwa Spotify, hata kama umelipa, lazima uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo vile ulivyopakua vinatoka.

Na si pesa yako pekee inaweza kukufungia. Januari 2024 ikiisha, mkataba wa Universal Music na TikTok uliisha pia, na wakubwa hawakuelewana bei. Video nyingi za watu zikabaki bubu mpaka Mei wakasikizana. Kwa sisi tunaotengeneza maudhui hiyo ilikuwa somo kubwa: mtu amekaa usiku kucha anaedit, halafu sauti inatolewa kwa sababu ya ugomvi ambao hajui hata ulianzia wapi. Mwaka wa 2020 Google nao walifunga Google Play Music, na watu wakaambiwa wahamishe vitu vyao. Kampuni kubwa vile ikiamua kufunga duka, wewe ni nani?

Sasa hesabu. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, lakini hii ya darasa la tano bado naiweza. Wimbo wa dakika nne wa MP3 kwa 128 kbps ni karibu MB 4. Kwa 320, ambayo ni safi kabisa, ni kama MB 10. Ukistrimu kwa 160, saa moja inakula karibu MB 72, na ukirudia wimbo uleule kesho unaweza kulipa data tena. Memori kadi ya GB 32 inabeba nyimbo kama 3,000 za ile hali safi, na haikuulizi bando. Simu nyingi tunazobeba hapa, zile za bei ya mwananchi, bado ziko na nafasi ya kadi. Tumeipata bure na wengi wetu tunaiacha tupu.

Kwa hivyo mimi nachagua namna hii.

Kwanza, naiweka kwa majaribio magumu. Nazima data, nazima Wi-Fi, nawasha tena simu, nafungua apu. Ikilia kwamba haina mtandao, natoa.

Pili, naangalia ruhusa. Kichezeo cha muziki kinahitaji kusoma faili zako za sauti, basi. Ikiniomba majina ya watu wangu wa simu ama mahali nilipo, nauliza: kwani unataka kucheza wimbo ama kunitembelea? Musicolet naipendea hapo. Imetengenezwa bila ruhusa ya intaneti kabisa, na haina matangazo. Haiwezi kutuma kitu chako mahali hata ikitaka.

Tatu, naangalia kama inasoma folda. Faili za nyimbo za kwetu mara nyingi zina majina ya ajabu, msanii hajulikani, albamu haijulikani. Apu inayopanga kwa albamu pekee itakuchanganya. Inayoonyesha folda, wewe unapanga vile unataka: za ushago, za mathree, za kulia usiku.

Nne, naangalia inalipisha aje. VLC ni bure, haina matangazo, na ilianza kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja Paris mwaka wa 1996. Leo inatunzwa na shirika lisilo la faida. Inacheza karibu kila aina ya faili. Poweramp unaijaribu, halafu unalipa mara moja na inabaki yako. Mimi sina shida kulipa. Shida yangu ni kulipa kila mwezi maisha yote kwa kitu nisichoweza hata kumwachia mtoto wangu.

Na usilaumu apu haraka ikinyamaza ukizima skrini. Mara nyingi ni simu yenyewe inaiua ili iokoe betri. Ingia mipangilio, tafuta betri, iruhusu hiyo apu ifanye kazi nyuma bila kizuizi.

Najua kuna mtu ameshajikuna kichwa: “Bro, sasa unatuambia tuibe muziki?” La. Na hilo swali ni la haki, kwa sababu mimi pia naishi kwa vitu ambavyo watu wananakili bila kuuliza. Kustrimu kunampelekea msanii kitu, hata kama ni kidogo. Zile tovuti za ovyo ovyo za kupakua bure hazimpi chochote, na zingine zinakupa virusi kama asante. Lakini njia ziko. Kuna wasanii wanauza faili zao Bandcamp. Mdundo, ambayo ilianzia hapa kwetu, inaruhusu kupakua MP3. Msanii wa mtaani kwenu umeshawahi kumwandikia umuulize kama unaweza kumtumia mia kwa M-Pesa akutumie wimbo? Mimi nilifanya hivyo na mmoja. Akanitumia wimbo na mwingine ambao hajatoa. Na kama mzee wako ana CD ama kanda za zamani, zihamishe sasa, kabla mtu hajazitupa wakati wa kuhama.

Sikwambii ufute apu yako ya kustrimu. Yangu nilirudi nikalipia, kwa sababu ndiko nagundua ngoma mpya, na hiyo kazi inaifanya vizuri kuliko kadi ya anko. Nimebadilisha kitu kimoja tu: wimbo ukikaa moyoni miezi miwili, najua si wa kukodi tena. Naununua ama nautafuta kwa njia ya halali, naweka kwa kadi, na naweka nakala nyingine kwa flashi, kwa sababu kadi pia hufa.

Kuna kitu kingine nilifanya baada ya mazishi. Nilirudi kwa WhatsApp nikatafuta sauti ambazo babu alikuwa ananitumia. Alikuwa hapendi kuandika. Zilikuwa 17. Nyingi ni za kuniuliza kama nimekula, na moja ndefu akiniambia kuacha chuo si kuacha kusoma. Nilizinakili zote nikaweka folda yao kwa kadi. VLC inazicheza bila shida. Zingine zinakatizwa na jogoo, na kwa moja anasahau kuzima, unasikia tu akitembea.

Hakuna kampuni inauza hiyo sauti, na hakuna orodha ya nyimbo maarufu itakuwa nayo. Lakini ningeendelea kuamini kila kitu changu kiko “huko juu” mahali, siku moja ningebadilisha simu na ziende.

Kwa hivyo fanya hivi leo usiku kabla ulale. Zima data. Fungua apu yako ya muziki. Hesabu ni nyimbo ngapi zinacheza, halafu uniambie idadi. Yangu siku ile ilikuwa sufuri kati ya 412.