Mtandao Unaokomea Langoni: Chuo Kikuu, Kibera na Kawangware

Kila mtandao wa chuo kikuu unapoongezwa kasi, mjadala huachiwa wahandisi, nao wahakiki wa fasihi hukaa kando kana kwamba suala hilo haliwahusu. Msimamo huo ni wa makosa. Anayeamua maandishi na sauti za nani zitasafiri, na zitamfikia nani, huamua pia fasihi itakayosomwa na itakayosahauliwa.

Haikanushwi kwamba hatua kubwa imepigwa. KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya, ulianzishwa mwaka 1999, wakati ambapo mawasiliano ya nchi na ulimwengu yalitegemea setilaiti zilizoko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Leo mtafiti aliyeko Nairobi aweza kusoma miswada ya tenzi iliyohifadhiwa London bila kupanda ndege.

Hata hivyo, kasi ni sifa ya njia, si ya msafara. Swali la msingi ni hili: njia hii inabeba nini, kutoka wapi, kwenda kwa nani?

Kibera ni mfano ulio wazi. Mtaa huu, uliochipuka mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles, umechunguzwa kwa miongo mingi. Kitabu cha Bernd Heine kuhusu Kinubi cha Kibera kilichapishwa Berlin mwaka 1982. Tangu hapo hojaji zimejazwa vichochoroni, na masimulizi na Sheng ya vijana vimerekodiwa. Tasnifu zitokanazo na kazi hiyo, hata zinaposomeka bure, nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Rekodi zenyewe aghalabu hubaki katika saraka la mtafiti. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, amepona yeye, na ameondoka na shahada.

Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona na masomo kuhamia mtandaoni, lango lilionekana waziwazi. Mwanafunzi aliyepanga chumba cha mabati Kawangware, mtaa unaopakana na Lavington, alitambua kwamba kasi ya chuo haikumfuata nyumbani. Alilazimika kununua bando ili asikilize mhadhara ambao tayari ameulipia karo.

Wapo watakaodai kwamba chuo si shirika la hisani, na kwamba mtandao hulipiwa ada na taasisi wanachama. Dai hilo lina uzito kuhusu majarida yenye leseni. Halina uzito wowote kuhusu masimulizi, nyimbo na mahojiano ya wakazi, kwani hivyo chuo hakikuvinunua, kilipewa. Wala haisemeki kwamba wakazi hawana la kufanya na teknolojia. Mwaka 2009, kupitia mradi wa Map Kibera, vijana wa mtaa waliuchora wenyewe katika ramani huria ya OpenStreetMap.

Idara za Kiswahili zinapaswa kudai mambo mawili kila mtandao unapoboreshwa. Kwanza, eduroam, huduma inayomwezesha mwanafunzi wa taasisi moja kuunganishwa akiwa katika nyingine, ifikishwe kwenye maktaba za umma na kumbi za jamii zilizo karibu na Kibera na Kawangware. Pili, kila rekodi iliyokusanywa mitaani, kwa idhini ya msimulizi, ihifadhiwe pamoja na muhtasari wa Kiswahili, katika ukubwa ambao simu ya kawaida yaweza kuupakua.

Madai haya si ya anasa. Fasihi simulizi hukoma kuwa fasihi ya jamii pale ambapo msimulizi hawezi kuisikia sauti yake mwenyewe. Mtandao utakaoendeleza hali hiyo kwa kasi zaidi haujaboreshwa, umeharakishwa tu.