Uchunguzi Kifani katika Elimu ya Juu: Hoja kutoka Mtwara

Mbinu ya kufundisha kwa visa halisi ilianza kutumika katika ufundishaji wa sheria huko Harvard, Marekani, mwaka 1870, kisha ikaenea hadi taaluma ya biashara. Msingi wake ni kwamba mwanafunzi hapewi jibu. Hupewa mkasa pamoja na taarifa walizokuwa nazo wahusika, akatakiwa kuamua. Kasoro ni kwamba mbinu hiyo, ilipopokewa Afrika Mashariki, mara nyingi ilipokewa pamoja na visa vyake vya kigeni.

Mwanafunzi aishiye Chikongola, mjini Mtwara, hana haja ya kuazima kisa. Bandari iliyo jirani naye ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya hasara ya takribani pauni milioni 36. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi huohuo, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Hata hivyo, mhadhiri anayeanza kwa kuyataja hayo yote atakuwa amesimulia historia tu. Uchunguzi kifani hudai mwisho ufichwe. Wanafunzi wawekwe katika mwaka 1947: Uingereza ina upungufu wa mafuta ya kula, mashine ni chache, mvua haijulikani vya kutosha. Je, itangulie reli au mashamba? Na ni nani ambaye hakuulizwa?

Swali hilo la mwisho linagusa lugha. Maarifa ya wakulima wa kusini yamehifadhiwa katika Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kiswahili, ilhali mihadhara ya vyuo vikuu huendeshwa rasmi kwa Kiingereza. Mjadala wa kisa huhitaji kupinga, kusita na kubadili msimamo. Asiyemudu hayo katika lugha ya darasa hunyamaza, na ukimya wake hudhaniwa kuwa ujinga.

Yapo madai kwamba kisa kimoja hakizai kanuni. Ni kweli, dawa yake ni ulinganishi. Uamuzi wa serikali wa mwaka 2018 wa kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo ungeweza kuwekwa kando ya ule wa karanga, tofauti zao zikapimwa. Kwa hiyo, idara za Kiswahili zina wajibu wa kuandika visa hivi. Zisipoviandika, wahitimu wataendelea kujua kuamua mambo ya kwingine.